Kifyonza moshi cha jikoni: pangeni bomba kwanza, mashine baadaye

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tunakarabati jikoni. Chumba kina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 3, dari iko mita 2.7 juu. Jiko letu ni la gesi, pleti nne, upana sentimita 60, nalo limekaa kwenye ukuta wa ndani. Ukuta wa nje uko pembeni, kama mita 2.5. Tunakaanga karibu kila siku na harufu inafika hadi chumbani kwa watoto. Muuzaji ananishauri nichukue kifyonza moshi cha mita za ujazo 1,000 kwa saa, kisichotaka bomba, chenye chujio la mkaa, ili tusitoboe ukuta. Mume wangu anasema feni ya kawaida ya ukutani inatosha. Hita yetu ya maji, ya gesi, nayo iko hapo hapo jikoni. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, toboeni ukuta. Kwa jiko la gesi linalokaangiwa karibu kila siku, cha kununua ni kifyonza moshi kinachotoa hewa nje ya nyumba, na nguvu ya mita za ujazo 350 hadi 450 kwa saa inawatosha. Zile 1,000 za muuzaji hamzihitaji. Katika jikoni lenye hita ya gesi, mashine ya nguvu hiyo mkija kuiunganisha na bomba la nje inaweza hata kuwaletea hatari, na hilo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Mumeo hajakosea moja kwa moja. Nitafika kwenye feni yake.

Kwanza tujue tunatoa nini. Uchafu wa hewa ya jikoni una vyanzo viwili. Cha kwanza ni moto wenyewe: gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, kaboni dioksidi, naitrojeni dioksidi, na ikiungua vibaya hutoa pia kaboni monoksidi. Cha pili ni kikaango. Mafuta ya moto hurusha matone madogo pamoja na chembechembe laini zisizoonekana kwa macho, zile zenye kipenyo kisichofika maikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mafuta yakipitiliza na kuanza kufuka moshi, hutoa akrolini, na hiyo ndiyo inayowasha macho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha naitrojeni dioksidi, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa hiyo harufu inayofika kwa watoto ni dalili tu. Palipofika harufu, na hivyo vingine vimefika.

Sasa kifyonza moshi kisicho na bomba hufanya nini? Huvuta hewa, huipitisha kwenye chujio la alumini linalokamata mafuta, kisha kwenye mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kunasa harufu, halafu huirudisha jikoni. Mafuta hupungua, harufu hupungua kwa muda. Mvuke unarudi. Joto linarudi. Kaboni monoksidi inarudi yote, maana mkaa ule hauikamati. Nao mkaa hujaa: kwa familia inayokaanga kila siku, baada ya miezi michache unakuwa pambo tu, na huwezi kuuosha kwa sabuni ukarudia hali yake, isipokuwa aina chache zilizotengenezwa ziweze kuoshwa au kuokwa upya. Ile 1,000 anayokutajia ni kiasi cha hewa inayozungushwa ndani ya chumba kimoja. Haimaanishi hata lita moja imetoka nje. Aina hii nampendekezea mtu asiye na njia nyingine kabisa, kwa mfano mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kutoboa, na hata huyo namwambia afungue dirisha kila anapopika. Ninyi ukuta ni wenu na mafundi bado wapo ndani. Hamtapata wakati mzuri kuliko huu.

Kuhusu nguvu, kuna hesabu mbili rahisi. Ya kwanza ni ya chumba: zidisha urefu, upana na kimo, upate ujazo, kisha zidisha kwa 10 au 12, yaani idadi ya mara ambazo hewa ya jikoni inapaswa kubadilishwa kwa saa. Chumba chenu kina mita za ujazo 28 na kidogo, kwa hiyo jibu ni kati ya 284 na 340 kwa saa. Ya pili ni ya jiko lenyewe, nayo naiamini zaidi kwa kuwa moshi hutoka kwenye jiko, hautoki kwenye kuta. Taasisi ya Marekani ya watengenezaji wa vifaa vya kupitisha hewa majumbani, Home Ventilating Institute, inapendekeza takriban mita za ujazo 170 kwa saa kwa kila futi ya upana wa jiko lililo ukutani. Jiko la sentimita 60 ni kama futi mbili, hivyo tunapata 340. Hesabu zote mbili zinakutana mahali pamoja. Nimeongeza kidogo hadi 450 kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa katika mazingira mazuri na mara nyingi kwa spidi ya juu kabisa. Ukishaweka bomba, kona na kilango cha nje, sehemu ya nguvu hiyo inapotea njiani.

Inapotea kiasi gani? Hapo ndipo bomba linapoamua kila kitu, na hapo ndipo nimeona fedha za watu zikiteketea. Vifyonza moshi vingi vizuri vina mdomo wa milimita 150. Fundi anafika, mkononi ana bomba la milimita 100 kwa sababu ndilo lililobaki kwenye kazi nyingine, anapachika kipunguzio na kuunganisha. Ukitazama kwa nje huoni kosa. Lakini eneo la ndani la bomba la 150 ni sentimita za mraba 177, na la 100 ni 79 tu. Ili hewa ile ile ipite, lazima ikimbie zaidi ya mara mbili, na ukinzani wa bomba unapanda karibu mara saba na nusu. Feni haiwezi kushindana na hilo. Inapiga kelele nyingi, inavuta kidogo, na mwenye nyumba anarudi dukani kulalamika kwamba mashine ni mbovu wakati mashine ni nzima.

Kosa la pili ni lile bomba la foili linalojikunja. Mafundi wanalipenda kwa kuwa linapinda popote bila elbo, yaani kiungo cha kona. Nimekata mabomba ya namna hiyo yaliyotumika jikoni: kila kunjo limeshika mafuta ya rangi ya kahawia, mazito, yaliyochanganyika na vumbi, na pale lilipolegea katikati pametuama dimbwi dogo la mafuta na maji. Mafuta hayo yapo futi chache tu juu ya moto wa gesi. Mimi husisitiza bomba gumu la bati au chuma, laini kwa ndani, viungo vyake vikizibwa kwa tepu ya foili. Kama lazima kipande kinachojikunja kiwepo, kiwe kifupi, cha kuunganishia mashine tu, na kivutwe hadi kinyooke.

Kwenu njia ninayoiona ni hii. Bomba litoke juu ya mashine, lipinde mara moja kwa elbo yenye mzunguko mpana, lipite juu ya makabati hadi ukuta wa nje. Kona moja, mita mbili na nusu za bomba la 150, basi. Lielekezwe chini kidogo upande wa nje, ili mvuke ukiganda kuwa maji yadondoke nje badala ya kurudi kwenye sufuria. Mwisho wa bomba uwe na kifuniko chenye kilango kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga mashine ikizimwa, hivyo upepo, mvua na wadudu hawaingii. Msiweke wavu wa matundu madogo pale; mafuta huuziba. Na kwa hali yoyote fundi asiishie darini. Wapo wanaosukumia moshi juu ya silingi bodi na kuuacha huko, ambako mvuke unaozesha mbao na mafuta yanajikusanya mahali ambapo hakuna anayepaona.

Kabla ya hayo yote, jiulizeni swali moja: jiko haliwezi kuhamia ukuta wa nje? Kwa kuwa bado mnakarabati, kusogeza bomba la gesi kwa mita chache huenda kukawa kazi ndogo kuliko mnavyodhani, na mtabaki na bomba la moshi la unene wa ukuta tu. Ila jiko lisiwe chini ya dirisha. Upepo wa dirishani huyumbisha moto, hutawanya moshi kabla haujafika juu, na pazia karibu na moto silitaki kulisikia.

Tuje kwenye umbo la mashine, ambalo watu hulichagua kwa picha. Watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory, huko California, wamepima vifyonza moshi vya majumbani na kukuta tofauti kubwa sana kati ya kimoja na kingine katika sehemu ya moshi kinachofanikiwa kuukamata. Jambo lililojitokeza ni kwamba pleti za nyuma hukamatwa vizuri kuliko za mbele. Sababu unaweza kuiona ukisimama pembeni ya jiko: mashine nyingi ni fupi kutoka ukutani kuja mbele, kwa hiyo pleti za mbele zinabaki wazi. Moshi wake unapanda mbele ya mashine, unapita usoni kwa mpishi na kwenda darini.

Basi ukiwa dukani, chukua futi. Upana uwe angalau sawa na jiko, na kama makabati yanaruhusu, chukua cha sentimita 75 au 90 kwa jiko lako la 60. Kina, yaani kutoka ukutani kuja kwako, kifunike angalau katikati ya pleti za mbele, na kikizidi hapo ni bora. Kisha kitazame kwa chini. Kina uwazi, kama bakuli lililogeuzwa kifudifudi, au ni bapa kama ubao? Uwazi huo una kazi. Unapomimina vitunguu kwenye mafuta ya moto, moshi unaruka ghafla, mwingi kuliko uwezo wa feni kwa sekunde zile. Kifyonza moshi chenye uwazi huushikilia hadi feni iumalize. Kilicho bapa huuacha umwagike pembeni. Vile vya kioo vilivyoinamishwa vinapendeza sana, lakini vingi havina pa kuuhifadhi moshi huo, na kwa nyumba inayokaanga kila siku sivipendekezi. Vile vinavyochomoza mezani nyuma ya jiko na kuvuta moshi kwenda chini ndiyo kabisa: hewa ya moto inataka kupanda, ukiwa na sufuria ndefu haviikamati, na kwenye gesi vinaweza kuvuta ndimi za moto upande.

Urefu kutoka kwenye pleti hadi chini ya mashine, kwa gesi, kwa kawaida ni sentimita 65 hadi 75. Fuata kijitabu cha mashine uliyonunua na kijitabu cha jiko, na vikitofautiana chukua kipimo kikubwa.

Sasa hita. Hewa inayotolewa nje lazima nyingine iingie badala yake. Mkiwa mmefunga madirisha na milango, feni yenye nguvu itaitafuta hewa hiyo popote: chini ya mlango, kwenye tundu la choo, na kwenye bomba la moshi la hita. Kama hita yenu inachukua hewa ya kuunguzia kutoka chumbani na kutoa moshi wake kwa bomba linalotegemea joto kupanda lenyewe, feni inaweza kuushinda mvuto huo mdogo na kurudisha moshi wa hita ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Vijitabu vya watengenezaji wa Ulaya huweka kikomo cha paskali 4 tu za upungufu wa presha katika chumba chenye kifaa cha namna hiyo. Hicho ni kiasi kidogo mno, huwezi kukihisi hata kwa kufungua mlango. Kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba Marekani nazo zinataka njia maalumu ya kuingiza hewa mbadala pale kifyonza moshi kinapozidi takriban mita za ujazo 680 kwa saa na nyumbani kuna vifaa vya aina hiyo. Sasa unaona kwa nini 1,000 inanitisha.

Dawa ya kweli ni kuihamishia hita nje ya jikoni, au kuibadilisha kwa aina iliyofungwa, inayovuta hewa yake na kutoa moshi wake nje moja kwa moja bila kugusa hewa ya chumba. Hilo likishindikana kwa sasa, pawe na tundu la kudumu la kuingizia hewa ukutani, mbali na jiko, lisilozibika. Dirisha la kufungua na kufunga silihesabu, kwa sababu siku ya baridi au ya mvua litafungwa, na siku hiyo hiyo ndiyo maji ya moto yanahitajika zaidi. Kisha fundi wa gesi apime mbele yenu: milango na madirisha yafungwe, kifyonza moshi kiwashwe kwa spidi ya juu, hita iwashwe, na baada ya dakika chache ashike kijiti kinachofuka moshi kwenye mdomo ambapo moshi wa hita unapandia. Moshi ukivutwa juu, vizuri. Ukisukumwa kuja chumbani, kifyonza moshi na hita visitumike pamoja mpaka tatizo liondolewe. Wekeni pia king'ora cha kaboni monoksidi, hata kama kipimo kimekwenda vizuri, kwa kuwa bomba la hita linaweza kuziba siku nyingine kwa kiota cha ndege. Na kama hita yenu haina bomba la moshi kabisa, iacheni kutumika leo, kabla hata hamjanunua kitu kingine.

Feni ya mumeo. Feni ya ukutani inatoa hewa nje kweli, na hilo peke yake linaipa ubora kuliko mashine ya muuzaji. Ila huvuta hewa ya chumba kizima. Moshi unatoka jikoni ukishachanganyika na hewa ya chumba na ukishapita puani kwa mpishi, na kwa jiko lililo mita 2.5 kutoka ukuta wa nje utavuka chumba chote ukiacha mafuta juu ya makabati. Mkihamishia jiko ukuta wa nje na fedha ikawa haitoshi, feni iliyowekwa juu kidogo ya jiko, ikitoa moja kwa moja nje, ni chaguo la pili ninaloliheshimu. Msiiunganishe na bomba refu, maana feni hizo bapa hazina nguvu ya kusukuma hewa mbali. Mjue pia kwamba mapanga yake yatashika mafuta na yatahitaji kuoshwa mara kwa mara. Onyo la hita linaihusu feni hii vile vile.

Jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi na wangeliuliza mapema ni kelele. Mashine yenye kelele haiwashwi. Mtu anaiwasha wiki ya kwanza, halafu anachoka kupaaza sauti akiongea na watoto, anaizima. Uliza desibeli kwenye spidi ya kati, hiyo mtakayoitumia kila siku, na kumbuka kwamba ongezeko la desibeli 10 masikioni husikika kama sauti imeongezeka maradufu. Mashine zinazouzwa Umoja wa Ulaya tangu 2015 hubandikwa lebo ya nishati inayoonyesha kelele, na pia herufi ya uwezo wa kukamata mafuta. Ukiikuta lebo hiyo isome. Bomba pana likisaidia, spidi ya kati itatosha kwa mapishi mengi.

Machujio ya alumini yenye wavu au yale ya chuma yenye mifereji, yote yanafaa. Ya mifereji huosheka kwa urahisi zaidi. Kwa kukaanga kwenu, yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya wiki mbili au tatu. Taa na vitufe vya kugusa ni hiari yako.

Kuhusu harufu ya chumbani kwa watoto, mashine peke yake haitamaliza. Iwashe dakika chache kabla ya kuwasha moto ili hewa ianze kuelekea kwake, kaangia pleti za nyuma, funga mlango wa kwenda vyumbani lakini hewa ipate pa kuingilia upande wa pili wa jikoni, na ukimaliza kupika iache iendelee kwa spidi ya chini dakika 10 hadi 15.

Fundi wa bomba asilipwe malipo ya mwisho kabla hujapima. Usitosheke na karatasi iliyoganda kwenye chujio, kwani hiyo inaonyesha mvuto wa pale pale tu. Washa pleti ya mbele, weka sufuria ya maji yanayochemka, shika kijiti kinachofuka ukingoni mwa sufuria upande wako, uone moshi unaelekea wapi kwa spidi ya kati. Mtu mwingine awe nje akitazama kilango. Kikifunguka vizuri hata kwa spidi ya chini, kazi imefanyika. Kisipofunguka, fundi afungue bomba mbele yenu na kukagua kila kiungo kabla seremala hajafunga makabati.